Hita, boila au blanketi la umeme: kipi cha kuchagua baridi ya Uingereza ikiingia

Kila mwaka ikifika Oktoba napata swali lilelile kutoka kwa ndugu zetu waliofika karibuni: "Dada, ninunue hita au niwashe boila?" Boila ni ule mtambo, mara nyingi wa gesi, unaopasha maji yanayozunguka kwenye redieta, yale mabamba ya chuma ya ukutani. Safari hii aliyeuliza ni binti wa Kilifi, muuguzi, aliyepanga nyumba ndogo hapa Leeds. Alinipigia akiwa dukani, hita ya feni ya pauni 20 iko mkononi, anataka tu nimwambie anunue. Nilimwomba airudishe kwenye rafu kwanza tuzungumze.

Bei iliyobandikwa kwenye boksi ni bei ya kifaa. Bei ya joto iko kwenye mita. Huku umeme na gesi vyote hutozwa kwa yuniti moja, kilowati-saa, yaani wati 1,000 zikitumika saa moja, na msimamizi wa soko la nishati, Ofgem, hutangaza kikomo cha bei kila baada ya miezi mitatu. Katika miezi mitatu ya mwisho ya 2025, kikomo cha England, Wales na Uskoti kilikuwa peni 26 hivi kwa yuniti ya umeme, na peni 6 na ushei kwa yuniti ya gesi. Ireland Kaskazini wana utaratibu wao. Bei hupanda na kushuka, ila hiyo tofauti ya mara nne ishike, maana ndiyo inayoamua mengi katika haya nitakayoeleza. Na kikomo hicho ni cha yuniti, si cha bili. Nimekutana na watu wazima, wenye akili zao, walioamini kwamba bili haiwezi kupita kiwango kile kinachotangazwa kwenye habari. Kile ni makadirio ya nyumba ya kawaida. Ukitumia zaidi, unalipa zaidi.

Hizi hapa gharama za saa moja kwa bei hizo:

| Kifaa | Gharama ya saa moja |
|---|---|
| Hita ya feni, wati 2,000 | peni 52 |
| Hita ya mafuta (ya umeme, mafuta yamefungwa ndani, hayachomwi), wati 2,000, ikiwaka mfululizo | peni 52 |
| Hita ndogo ya kuchomeka ukutani, wati 500 | peni 13 |
| Mashine ya kukausha unyevu, wati 200 | peni 5 |
| Blanketi la umeme, wati 100 | chini ya peni 3 |
| Boila ya gesi ikitoa yuniti 6 za joto, nyumba nzima | peni 43 |

Boila ya gesi na hita ya umeme

Chukua jioni moja. Umerudi kazini saa 12, unalala saa 5 usiku. Hita ya wati 2,000 ikiwaka muda wote huo imekula yuniti 10, yaani pauni 2 na peni 60. Kwa siku 30 ni pauni 78, na umepasha chumba kimoja tu. Joto kiasi hichohicho likitoka kwenye boila ya gesi, hata ukihesabu kinachopotea kupitia bomba la moshi, linagharimu peni 72 hivi. Kwa mwezi ni pauni 22.

Mtu akiishia hapo atasema boila imeshinda. Lakini boila haijui uko chumba gani. Inasukuma maji ya moto kwenye redieta zote, na kama uko peke yako sebuleni huku vyumba vitatu vitupu vinapata joto, unawalipia wasiokuwepo. Mimi nagawanya hivi: ukitaka kupasha chumba kimoja kwa saa moja, kwa mfano kabla ya kulala au unapoandika kazi ya chuo asubuhi, hita ya umeme ndogo, au inayojizima chumba kikipata joto, inaweza kukutoka nafuu. Ukipita muda huo, au nyumba ikiwa na watu vyumba viwili, washa boila bila kujilaumu.

Na boila ukiijua vizuri inapunguza ulaji wake. Ubavuni mwa redieta nyingi kuna kitufe cha kuzungusha chenye namba 1 hadi 5. Chumba kisicho na mtu kiweke 1, sebule 3. Usikifunge kabisa chumba kisichotumika, kwa sababu ukuta uliopoa sana huvuta unyevu, na baada ya wiki chache utaona kuvu nyeusi kwenye kona. Kisha angalia joto la maji yanayokwenda kwenye redieta. Boila nyingi nimezikuta zimewekwa nyuzi 75 au 80. Boila za kisasa hufanya kazi vizuri zaidi maji yanaporudi yakiwa yamepoa, hivyo kushusha hadi 60 hupunguza gesi inayoliwa, na nyumba inapata joto bado ingawa polepole. Tahadhari moja tu: kama nyumba yako ina tangi la kuhifadhi maji ya moto, maji ya tangi lazima yafike nyuzi 60, la sivyo bakteria hatari hustawi humo. Boila isiyo na tangi haina wasiwasi huo.

Wapo watakaokuambia kwamba kuiacha boila ikiwaka kutwa nzima kwa moto mdogo ni nafuu kuliko kuiwasha na kuizima. Kwa boila ya gesi sikubaliani nao. Kadiri ndani kunavyokuwa na joto kuliko nje ndivyo joto linavyotoroka kupitia kuta na madirisha, na kila saa ambayo nyumba ina joto bila mtu ni saa ya kupasha mtaa. Weka saa ya boila iwake nusu saa kabla hujaamka na nusu saa kabla hujarudi. Mgeni akumbuke kwamba kwenye kioo cha boila 06:00 ndiyo saa 12 ya asubuhi. Nimeona nyumba iliyokuwa inapashwa usiku wa manane wiki tatu kwa sababu ya kosa hilo.

Hita kwa hita

Ukiamua hita ya umeme, usibabaishwe na matangazo. Kila hita ya umeme hugeuza yuniti moja kuwa yuniti moja ya joto, iwe ya pauni 20 au ya pauni 200. Kile kihita cha kuchomeka ukutani kinachotangazwa kwamba kitapasha nyumba nzima kwa peni chache kina wati 500 au chini, na kitatoa joto la wati hizohizo, yaani robo ya hita ya kawaida. Kinafaa kuwekwa karibu na miguu, basi.

Tofauti ya kweli iko kwenye namna joto linavyotoka. Hita ya feni hupasha haraka na hupoa ukiizima, kwa hiyo ni ya dakika 20 za kuvaa na kujiandaa. Hita ya mafuta huchelewa, lakini ina kidhibiti kinachoizima chumba kikifikia joto ulilochagua, haina kelele, na hubaki na joto muda mrefu baada ya kuzimwa. Kwa kukaa chumbani jioni nzima ningechukua ya mafuta. Zote mbili zichomeke moja kwa moja ukutani, si kwenye waya wa kuunganisha wenye matundu mengi, na usianike nguo juu yake.

Kupasha nyumba au kupasha mtu

Hapa ndipo fedha nyingi huokolewa, na ndipo sisi tuliokulia pwani huchelewa kuelewa. Kwetu Tanga joto ni la hewa, limekuzunguka, huwezi kulikimbia. Nilipofika huku Januari nilidhani lazima hewa yote ya nyumba iwe kama ya kwetu ndipo niwe salama. Nikavaa dera na kanga ndani, na hita ikawaka. Mita ilikuwa ya kulipia kabla. Pauni 10 niliyoweka Jumatatu jioni, Jumatano usiku taa zilizimika.

Blanketi la umeme la wati 100 likiwaka saa 8 nzima linakula peni 21, na kwa kawaida hulihitaji muda wote huo: nusu saa kabla ya kupanda kitandani inatosha kuondoa ule ubaridi wa shuka. Lipo la kulalia chini ya shuka na lipo la kujifunika ukiwa kwenye kochi. Mimi nina la pili, na ndilo lililonipunguzia bili kuliko kitu kingine chochote nilichonunua katika nchi hii. Ongeza nguo ya ndani ya kubana mwili, soksi za sufu na koti la nyumbani. Tabaka tatu nyepesi huhifadhi joto kuliko sweta moja zito.

Lakini si kila mtu anafaa kupashwa hivyo, na hapa naomba usikilize vizuri. Ushauri wa afya wa huku ni kwamba chumba unachokaa kisishuke chini ya nyuzi 18, hasa kwa wazee na wenye magonjwa ya moyo au kifua. Baridi hukaza mishipa ya damu na kupandisha shinikizo, na mzee anaweza kukaa kimya kwenye kiti akipoa bila kujua. Mama au baba aliyekuja kukutembelea kutoka nyumbani hatakuambia anaona baridi, atasema "niko sawa mwanangu" ili usiingie gharama. Nunua kipimajoto cha chumba, kiweke karibu na anapokaa, ukitazame wewe. Mtoto mchanga naye chumba chake kiwe nyuzi 16 hadi 20, na asilazwe na blanketi la umeme wala chupa ya maji ya moto. Nyumba yenye hao, blanketi ni nyongeza tu. Boila iwashwe.

Nyumba isiyo na gesi

Maghorofa mengi, ya kaunsili (halmashauri) na ya watu binafsi, hayana gesi. Badala yake utakuta ukutani masanduku mazito yaliyojaa matofali: hita za kuhifadhi joto. Huvuta umeme usiku, kwa muda wa saa saba ambazo bei huwa nafuu, na kuachia joto mchana. Mpango wenyewe huitwa Economy 7. Umeme wa mchana katika mpango huo ni ghali kuliko wa watu wengine, kwa hiyo unakufaa tu kama sehemu kubwa ya matumizi yako ni ya usiku.

Vitufe viwili juu yake ndivyo vinavyowachanganya watu. Kimoja huamua joto kiasi gani lihifadhiwe usiku, kingine huamua litoke kwa kasi gani. Watu hufungua vyote hadi mwisho, joto linatoka lote alfajiri wakiwa kazini, jioni sanduku limepoa, nao wanachomeka hita ya feni kwa bei ya mchana. Hapo umelipa mara mbili. Kile cha kutoa joto kifunge unapolala na unapotoka, ukifungue ukirudi. Cha kuhifadhi kipandishe tu ukisikia utabiri wa baridi kali. Na ukihamia nyumba ya namna hii, ulizia siku ileile kama mita kweli iko kwenye bei mbili, maana wapo waliokuta hita za usiku kwenye mita ya bei moja, wakapata hasara kipupwe kizima.

Pampu ya joto nitaitaja kwa ufupi. Kwa yuniti moja ya umeme inatoa yuniti 3 hivi za joto, kwa hiyo joto lake linakaribia bei ya gesi. Serikali hutoa ruzuku ya pauni 7,500 kwa England na Wales, lakini ni kwa mwenye nyumba. Mpangaji haimhusu leo.

Kulipia kabla au kukatwa benki

Aliyezoea LUKU au tokeni za Kenya atapenda mita ya kulipia kabla, kwa sababu unaona unachotumia na hushtukizwi na bili. Zamani wenye mita hizo walitozwa zaidi. Nyongeza hiyo iliondolewa 2023, kwa hiyo lawama ya bei haina nguvu tena. Shida yake ni nyingine: mzigo wote wa baridi unakuangukia Desemba hadi Februari, wakati fedha imebana. Anayekatwa benki hulipa kiasi kilekile kila mwezi, na akiba ya Julai inabeba Januari. Kwa mwenye mshahara wa kila mwezi napendekeza kukatwa benki, ilimradi utume usomaji wa mita kila mwezi ili wasikukadirie. Kwa mwenye kipato cha vibarua, mita ya kulipia kabla ni salama zaidi.

Mwenye mita ya kulipia kabla asisahau ada ya kila siku. Hutozwa hata usipowasha chochote: mwishoni mwa 2025 ilikuwa peni 53 hivi kwa umeme na 34 kwa gesi. Ukiacha mita ya gesi bila kuongeza salio Juni hadi Agosti, kwa ada hiyo deni la pauni 31 linakungoja, na siku ya kwanza ya baridi unapoweka pauni 10 utaona zimemezwa bila redieta kupata hata vuguvugu. Weka kidogo kidogo kiangazi kizima.

Lisiloingia katika mashindano

Jiko la mkaa. Njombe, Makete, Limuru, watu wameingiza jiko ndani usiku wa baridi, wakafunga mlango, na asubuhi jirani akavunja mlango. Hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, inaanza na kichwa kuuma na usingizi. Nyumba za huku zimezibwa kuliko za kwetu, kwa hiyo hatari ni kubwa zaidi. Usiingize jiko la kuchomea nyama ndani, hata moto ukionekana umekufa. Usiwashe mafiga ya jiko la gesi ili kupasha jikoni. Hita za mafuta ya taa nazo siziungi mkono: ukichoma lita moja ya mafuta, karibu lita moja ya maji inaingia hewani na kutua kwenye kuta zako.

Mwenye nyumba anatakiwa kisheria kuleta fundi aliyesajiliwa Gas Safe, orodha rasmi ya mafundi wa gesi, kukagua vifaa vya gesi kila mwaka na kukupa nakala ya cheti. Ukisikia harufu ya gesi, fungua madirisha, toka nje, piga 0800 111 999. Ni bure, usiku na mchana.

Nyumba yenyewe

Kabla ya kulinganisha hita, linganisha nyumba. Mwaka wangu wa pili nilihamia nyumba ya kuta za matofali bila ile nafasi ya kati inayozuia joto kutoka, ya zamani sana, kwa sababu kodi yake ilikuwa pungufu kwa pauni 40 kwa mwezi. Wakala aliniambia "ina joto sana". Kipupwe kile bili ilikula pauni 40 hizo na zaidi, na nguo zangu kabatini ziliota ukungu. Kila nyumba ya kupangisha ina cheti cha nishati chenye herufi A hadi G, na unaweza kukitazama bure mtandaoni kwa kuandika msimbo wa posta. England na Wales hairuhusiwi kupangisha nyumba iliyo chini ya E, isipokuwa yenye msamaha maalumu. Nyumba ya C yenye kodi ya juu kidogo mara nyingi hukutoka nafuu kuliko ya E.

Kuvu ikitokea, piga picha, andika barua pepe kwa mwenye nyumba, uhifadhi nakala. Usikubali kuambiwa ni kosa la mapishi yako. Mtoto Awaab Ishak alifariki Rochdale mwaka 2020 akiwa na miaka miwili, kwa sababu ya kuvu katika nyumba ya kupanga ambayo wazazi wake walikuwa wamelalamikia. Sheria iliyopewa jina lake ilianza Oktoba 2025, ikiwabana wenye nyumba za jamii (kaunsili na mashirika ya makazi) huko England kuchunguza na kutengeneza ndani ya muda uliowekwa. Kwa upande wako, funika sufuria, fungua dirisha dakika 10 asubuhi, na nguo ukilazimika kuanika ndani, anika chumba kimoja kilichofungwa mlango ukiwa na mashine ya kukausha unyevu. Peni 5 kwa saa ni nafuu kuliko kupasha ukuta uliolowa, kwa sababu nyumba yenye unyevu ni ngumu kupashwa.

Kuna misaada pia. Punguzo la pauni 150 la Warm Home Discount huenda kwa wanaopokea posho za serikali zinazotegemea kipato, mara nyingi bila kuomba. Kama visa yako hairuhusu fedha za umma, usijaze fomu yoyote kabla ya kuuliza Citizens Advice, shirika la ushauri ambalo huduma yake ni bure. Lakini daftari la wateja wa kipaumbele la kampuni yako ya nishati si fedha: mwenye mtoto mdogo, mjamzito, mzee au mgonjwa ajiandikishe, ili umeme ukikatika asiachwe gizani bila taarifa.

Binti wa Kilifi hakununua ile hita. Nyumba yake ina boila ya gesi, cheti chake ni D, anaishi peke yake na zamu zake hubadilika kila wiki. Tuliweka maji ya redieta nyuzi 60, chumba cha wageni namba 1, na boila anaiwasha kwa mkono akirudi, maana saa isiyobadilika haimfai mtu wa zamu. Zile pauni 20 aliongeza kidogo akanunua blanketi la kujifunika. Jana alinitumia picha ya mita: siku nzima ya gesi, yuniti 14.